Historia ya klabu ya bolingi ya nyasi isiishie kwenye ubao wa washindi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo viongozi wa klabu za bolingi ya nyasi hulikumbuka pale tu sherehe za jubilei zinapokaribia, nalo ni uandishi wa historia ya klabu zao. Mara nyingi kazi hiyo hukabidhiwa mwanachama mmoja mwenye moyo, ambaye huenda kwenye ubao wa washindi uliotundikwa ukumbini, akanakili majina ya mabingwa na marais, akaongeza picha mbili tatu, kijitabu kikachapwa. Majina hayo yana heshima yake. Hata hivyo, anayekisoma kijitabu hicho hadi mwisho bado hajui uwanja ulipatikanaje, nani alizitunza nyasi zake, wala nani alizuiwa kuukanyaga.

Kwa maoni yangu, uwanja ndio unaostahili kutangulia. Mchezo huu, ambao mchezaji huviringisha tufe lililoundwa ili lipinde njiani na kusimama karibu na tufe dogo lililotangulizwa, hauwezi kuchezwa popote. Kanuni za kimataifa zinataka tufe dogo liwe umbali usiopungua mita 23 kutoka kwenye mkeka wa mchezaji, na katika safari hiyo yote kibonde kidogo tu chatosha kulipotosha tufe kubwa. Uwanja unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote inayotumika hadi leo, ule wa Southampton nchini Uingereza, unahesabiwa tangu mwaka 1299, yaani zaidi ya karne tano kabla Edwin Budding hajabuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Kabla ya hapo nyasi zilikatwa kwa mikono au kulishwa kondoo, na uwanja laini ulikuwa anasa ya wachache. Mashine hiyo ilichangia sana kuenea kwa klabu katika karne ya 19; kwa hiyo mtunza uwanja, ambaye jina lake halimo ubaoni, ana haki ya sura nzima.

Hati za ardhi nazo zisisahauliwe. Mwaka 1733 baraza la jiji la New York liliamua kukodisha kipande cha ardhi kusini mwa Manhattan kiwe uwanja wa bolingi, kwa kodi ya punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, yaani kodi ya jina tu. Mchezo ulikwisha hapo zamani, lakini bustani hiyo ingali inaitwa Bowling Green, na masharti yake tunayajua kwa kuwa yaliandikwa na kuhifadhiwa. Klabu isiyoweza kuonyesha mkataba wake wa kwanza imekosa ukurasa wa kwanza wa historia yake, na siku ardhi hiyo itakapogombaniwa itakosa pia utetezi.

Masimulizi ya wazee yakusanywe kwa bidii, ila yasichanganywe na nyaraka. Hadithi ya nahodha wa Kiingereza Francis Drake kumaliza kwanza mchezo wake wa bolingi mjini Plymouth mwaka 1588 huku meli za Hispania zikikaribia kuivamia Uingereza inapendwa mno, lakini iliandikwa miaka mingi baada ya tukio na wanahistoria wanaitilia shaka. Kila klabu ina hadithi ya namna hiyo. Iandikwe, pamoja na jina la aliyeisimulia.

Sehemu inayorukwa kuliko zote ni ile ya waliofungiwa mlango. Mwaka 1541, chini ya Mfalme Henry VIII, sheria ya Uingereza iliwakataza mafundi, vibarua na watumishi kucheza bolingi isipokuwa wakati wa Krismasi, tena mbele ya mabwana zao, na haikufutwa hadi mwaka 1845. Wanawake nao walisubiri. Chama cha bolingi cha Uingereza kiliundwa mwaka 1903, rais wake wa kwanza akiwa mcheza kriketi mashuhuri W. G. Grace, cha wanawake kikaja mwaka 1931, na vyama hivyo viwili havikuungana hadi mwaka 2008. Mgawanyiko huo uliacha alama hata katika klabu ndogo: kamati mbili, madaftari mawili, na mara nyingi ubao mmoja tu wa washindi ukumbini.

Nawaomba basi makatibu wa klabu wasingoje jubilei. Watafute kumbukumbu za mikutano, hasa za kamati za wanawake, ambazo aghalabu hubaki majumbani kwa waliokuwa makatibu na kutupwa pamoja na karatasi nyingine wenyewe wanapofariki; wazipige picha kurasa zote, na nakala moja waikabidhi maktaba ya umma iliyo karibu nao.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa bolingi ya nyasi