Kifaru cha San Diego si kichekesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie video ya zamani ambayo kila baada ya miezi kadhaa huibuka tena katika simu zetu, ikisindikizwa na vicheko, ikionyesha kifaru cha kijeshi kikiponda magari katika mitaa ya San Diego, Marekani. Mimi ni mkazi wa mji huo, na barabara ya 163 ambako mkasa ule uliishia ndiyo ninayopita kwenda kazini. Sioni cha kuchekesha.

Jioni ya tarehe 17 Mei 1995, fundi bomba mwenye umri wa miaka 35, ambaye zamani alikuwa askari wa vifaru, aliingia katika kambi ya Walinzi wa Taifa, yaani jeshi la akiba la Marekani, iliyoko mtaa wa Kearny Mesa mjini humo, akakuta lango liko wazi. Vifaru viwili vya mwanzo alivyojaribu havikuwaka. Cha tatu, aina ya M60A3, kikawaka, kwani vifaru vile havikuhitaji ufunguo bali kubonyeza kitufe tu. Kwa dakika 23 chuma hicho chenye uzito unaokaribia tani 50 kilipita katika makazi ya watu ya Clairemont, kikiangusha nguzo za umeme na taa za kuongozea magari, kikipasua mabomba ya zimamoto na kusaga magari yaliyoegeshwa mbele ya nyumba za wenyewe, huku maelfu ya nyumba zikiachwa gizani, hadi kilipokwama juu ya ukuta wa zege unaotenganisha njia mbili za barabara ya 163. Polisi walikipanda, wakaufungua mfuniko, na dereva alipokataa kujisalimisha wakampiga risasi, akafa.

Hakuna mwingine aliyepoteza maisha, na wengi husema ni bahati. Bahati ilikuwapo, lakini mzinga wa kifaru kile ulikuwa mtupu kwa sababu risasi zake zilihifadhiwa katika jengo jingine, kama utaratibu ulivyotaka. Laiti lango nalo lingelindwa kwa uangalifu huohuo, mtaa mzima usingevunjwa.

Kuhusu mtu mwenyewe, wanaosambaza video hawasemi lolote. Katika miaka michache alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili, ndoa yake ilikuwa imevunjika, ameumia katika ajali ya pikipiki, ameibiwa vifaa vya kazi, ametumbukia katika dawa za kulevya, na alikuwa karibu kufukuzwa katika nyumba yake. Uani kwake alikuwa amechimba shimo refu akitafuta dhahabu. Siamini kwamba mtu hufika hapo bila jirani hata mmoja kuona.

Wala ufunguo peke yake hautoshi. Mwezi Juni 2018 gari la deraya lilitolewa Fort Pickett, Virginia, likaendeshwa kiasi cha kilomita 100 hadi mjini Richmond, na aliyekuwa akiliendesha alikuwa afisa wa Walinzi wa Taifa wenyewe. Huyo hakuhitaji kuvunja lango, kwa hiyo swali linarudi palepale: nani anamwangalia binadamu aliyekabidhiwa chuma kama hicho, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia apumzike kwanza?

Katika mtaa wetu wa City Heights wanaishi Wakongo na Wasomali wengi waliokimbia vita. Kwao mngurumo wa gari la kivita ukikaribia nyumba una maana moja tu, na nimemwona mama wa makamo akiinuka na kutoka sebuleni vijana walipoirusha video hiyo kwenye televisheni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lako litakapopata habari nyingine ya namna hii, lisiiweke katika ukurasa wa vituko. Mwandishi aulize nani aliliacha lango wazi, dereva alikuwa katika hali gani wiki ile, na wale waliopondewa magari walilipwa na nani.

Msomaji wako,
San Diego, California