Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mashabiki wa TP Mazembe, Lubumbashi

Wandugu wanachama, wamama na wababa, vijana,

Kwa desturi taarifa hii huanza na hesabu. Mwaka huu mniruhusu nianze na tarehe 23 Novemba, maana tangu siku ile kila nikishika kalamu mawazo yanakwenda huko tu.

Siku hiyo, kule El Jadida nchini Maroko, mabinti wa TP Mazembe waliwafunga AS FAR 1-0 wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. AS FAR walikuwa nchini kwao, na kombe hilo walishalibeba 2022. Marlène Kasaj alipoweka mpira kwenye alama ya penalti, pale Katuba, hapa Lubumbashi, tulipokusanyika hakuna aliyepumua. Mama mmoja alijifunika kitenge usoni. Kelele zetu ndizo zilizomwambia kwamba mpira umeingia. Halafu ikabaki kazi ya kungoja. Nimeishangilia Mazembe tangu utoto, lakini sikumbuki dakika ndefu kama zile.

Filimbi ya mwisho ilipolia tuliimba hadi barabarani. Baba mmoja, mwanachama wetu wa zamani aliyeviona vikombe vya 1967 na 1968 wakati timu ikiitwa Englebert, alishikwa na machozi. Alisema ameshuhudia pia 2009, 2010 na 2015, ila hakuwahi kudhani kombe la bara lingerudi Lubumbashi mikononi mwa wasichana. Neno lile liliniingia sana, kwa sababu mimi pia sikudhani.

Jioni ile tulikuwa watu 17. Mwezi Aprili, Al Ahly ya Misri walipokuja uwanjani kwetu Kamalondo kwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanaume, tulijaza mabasi, tukashona bendera mpya, tukawamba ngoma upya. Tulipata sare tasa nyumbani, kisha Cairo tukafungwa 3-0, na wengi wetu hatukula siku ile. Sijutii hata franka moja tuliyoitoa. Lakini kwa wasichana chama hiki hakikutoa kitu mwaka mzima. Na si kwamba walikuwa wamejificha: 2022 walishacheza michuano hii wakatolewa kwenye makundi, wakarudi mazoezini. Kocha wao Lamia Boumehdi alitangazwa Desemba kuwa kocha bora wa timu za wanawake Afrika. Sisi ndio hatukugeuza macho. Kosa hilo nalibeba mimi kwanza, na ninawaomba radhi wamama wa chama, ambao walilisema mapema nasi tukawaambia wangoje.

Ubingwa wa Kongo wa wanaume, ule wa 20, tuliusherehekea vya kutosha, sitaurudia. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe. Niseme tu kwamba michango ya miezi mitatu ya mwisho imechelewa kwa wengi.

Kamati inapendekeza robo ya michango ya 2025 iende kwenye usafiri na ngoma za mechi za wasichana. Tutapiga kura leo, kabla bukari (ugali) haijaletwa. Watakaokwenda uwanjani Jumamosi wajiandikishe kwa katibu. Ngoma mbili kubwa ziko kwangu. Nahitaji vijana wanne wa kuzibeba, wafike saa nne asubuhi.