Mhariri, sainasi ya muda mrefu inafika mpaka kwenye mfupa

Mhariri, salamu na pole na kazi. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa afya, pale mliposema sainasi ni mafua yaliyochelewa kuisha tu, jifukize, weka matone puani, basi. Kwa mafua ya wiki moja sibishi. Ila sisi ambao pua zimeziba miaka naomba mtuandikie na upande wetu, maana kuna watu wakishasoma gazeti lenu ndo wanaamua kama waende hospitali au wakae.

Mimi naumwa tangu 2014. Pua imeziba, makohozi yanashukia kooni, harufu sisikii hata chakula kikiungua, nikisujudu uso unakuwa mzito kama umebeba jiwe. Duka la dawa napewa antibayotiki za siku tano, napata nafuu wiki mbili, inarudi, naenda tena. Matone ya zailometazolini, yale ya kuzibua pua, nimeyatumia miezi na miezi kumbe hayatakiwi kuzidi kama wiki moja hivi, ukizidisha pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeniambia wakati naenda kununua kila wiki. Eksirei nilipigwa nikaambiwa kuna uchafu kidogo.

Mwaka juzi ndo daktari wa pua, masikio na koo akanipeleka CT scan, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya kichwa. Akanionyesha kwenye kompyuta, ukuta wa sainasi ya shavu la kulia, yaani chumba cha hewa ndani ya mfupa, ni kamstari keupe kembamba, wa kushoto ni mweupe na mnene kabisa, hata nafasi ya hewa imepungua. Akasema huo wote ni mfupa, umeota juu ya mfupa. Nilibaki namtazama.

Alivyonielewesha ni hivi. Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, vina kuta nyembamba sana, ule ulio kati ya pua na jicho jina lake la Kilatini linatokana na karatasi. Ndani kuna utando umeshikana na mfupa, sasa huo utando ukikaa umevimba zaidi ya wiki 12 wanaita sugu, na mfupa chini yake nao unaanza kubadilika, huku unaliwa huku unajengwa upya, mwisho unakuwa mnene na mgumu. Wanaita osteitisi. Hawaiti osteomielaitisi, yaani ugonjwa wa mfupa unaofika kwenye uboho, kwa sababu kuta hizo hazina uboho. Na bakteria wenyewe mara nyingi hawakutwi ndani ya mfupa, kuna majaribio ya sungura waliambukizwa upande mmoja wa pua, mfupa ukakutwa umebadilika mpaka upande wa pili ambao haukuambukizwa! Nikakumbuka antibayotiki zote nilizomeza miaka yote hiyo nikaumia roho.

Wenye mfupa wa hivyo mara nyingi ndo wale ugonjwa wao ni mkali na hata wakipasuliwa unarudi. Eksirei ya kawaida haionyeshi haya vizuri.

Kwa hiyo mhariri naomba mchapishe, tena kwa herufi kubwa: ikizidi wiki 12 tafuta daktari wa pua. Ikiwa upande mmoja tu na inanuka, magego ya juu yaangaliwe, mizizi yake iko karibu sana na sainasi ya shavu. Upande mmoja ukiwa unatoa damu usikae nyumbani, fangasi na uvimbe wa saratani navyo vinakula mfupa. Jicho likivimba, au paji la uso likavimba na kuwa laini, hiyo ni emajensi, nenda siku hiyo hiyo. Na wahusika wa bima watufikirie kwenye hiki kipimo cha CT, wengi wanaandikiwa wanarudi nyumbani na karatasi mfukoni kwa sababu ya hela.

Mimi sasa naosha pua asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na sprei ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe puani. Harufu imeanza kurudi kidogo, juzi nilisikia kahawa. Mwezi ujao narudi kliniki tuamue kuhusu opereshen.

Msomaji wenu, Morogoro