Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa na Utangazaji: tunaomba orodha ya muziki iwe sharti

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa na utangazaji,

Salamu na heshima zote zikufikie. Mimi ni mtunzi wa muziki wa filamu na tamthilia za televisheni. Ombi langu ni moja, nalo nalitanguliza ili hata ukiishia aya hii uwe umelisikia: kituo cha televisheni kisirushe filamu, tamthilia wala kipindi cha makala kabla ya kukabidhiwa orodha ya muziki uliomo. Na pale serikali inapochangia fedha za kutengeneza filamu, awamu ya mwisho isilipwe mpaka orodha hiyo ifike mezani.

Orodha yenyewe aghalabu ni kurasa chache tu. Kila kipande kinaandikwa jina lake, kimechukua dakika na sekunde ngapi, kimetumikaje, nani amekitunga, na nani ana haki nacho kwa asilimia ngapi. Hapo penye matumizi ndipo pana maana kubwa, kwa sababu muziki wa utambulisho, muziki unaopita chini ya mazungumzo na wimbo ambao mhusika mwenyewe anausikia redioni huweza kulipwa kwa viwango tofauti. Chama cha hakimiliki huichukua orodha hiyo, hulinganisha na kumbukumbu za kituo kuhusu kilichorushwa na lini, kisha hugawa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa kazi yake kutumika.

Orodha isipokuwepo, kituo kinaweza kulipa ada yake yote bila kukosa na mtunzi asipate kitu. Chama hakina namna ya kujua fedha ni za nani. Hukaa kwenye fungu la wasiotambulika, na muda ukipita mara nyingi hugawiwa wale waliotambulika, wakiwemo waimbaji wa nyimbo zinazovuma. Waimbaji hao nawapenda sana, ila hawakukesha wakitunga muziki wa tamthilia yangu.

Huenda ukauliza kwa nini watunzi tusiiandike wenyewe. Tunaiandika, kwa kadiri tunavyojua. Lakini mtunzi akishakabidhi muziki, hajui tena unakokwenda. Mhariri anaweza kukata kipande katikati, akakirudia katika sehemu ya tisa, au akakihamisha kutoka msibani hadi kwenye harusi. Anayejua kilichobaki katika toleo la mwisho ni mtayarishaji na mhariri wake, na taarifa zote tayari zimo kwenye programu wanayohariria. Kinachowashinda ni kwamba wakati huo wote wamechoka, bajeti imekwisha, na hakuna anayeidai karatasi hiyo.

Naomba nieleze kidogo kazi yetu, maana wengi hudhani tunachagua tu nyimbo nzuri na kuzibandika. Tunaitwa mwishoni, picha ikishafungwa, yaani uhariri wa picha ukishakamilika. Tunakaa na mwongozaji tukiitazama filamu yote, tukikubaliana muziki uingie wapi, utoke wapi, na wapi pabaki kimya. Kisha tunatunga kwa kufuata fremu, zile picha moja moja zinazounda filamu, 24 au 25 kwa kila sekunde, ili mpigo uangukie pale mlango unapofunguka na usiwahi wala usichelewe. Mwongozaji akipunguza sekunde mbili baada ya hapo (naye hupunguza!) kifungu kizima hupangwa upya. Mara nyingi pia malipo huwa ya jumla: humohumo mtunzi awalipe wapigaji wa ala, studio na fundi wa kuchanganya sauti. Kinachobaki mfukoni ni kidogo, na ndiyo sababu mirabaha ya marudio ni sehemu ya ujira wetu halisi.

Wapo wanaosema muziki ni pambo. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu ya kutisha ya Psycho, iliyotoka 1960, alitaka tukio la bafuni lipite bila muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akalitungia hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock alipolisikia akabadili mawazo. Jaribu kulitazama tukio hilo bila sauti, Mheshimiwa, uone kama litakuogofya.

Hitchcock alikubali, lakini si wote wanaobahatika kama Herrmann. Wahariri wana desturi ya kuweka muziki wa watu wengine kwa muda wakati wakisubiri wa mtunzi, na mwongozaji akiuzoea huo wa muda, haachani nao tena. Mwongozaji Stanley Kubrick alifanya hivyo katika 2001: A Space Odyssey ya 1968. Alex North alikuwa ametunga muziki kwa ajili ya filamu hiyo, ukawekwa kando, zikabaki rekodi za watunzi wengine. Mmoja wao, György Ligeti, alikuwa hai na hakuwa ameulizwa. Kama yanaweza kumfika mtunzi wa kiwango cha Ligeti katika filamu kubwa hivyo, fikiria yule kijana anayetunga chumbani kwake na ambaye hata chama hakijamsajili.

Na hapa niseme lisilosemwa sana hadharani. Baadhi ya watayarishaji hawaitaki orodha kwa sababu wataiandika nini? Wameokota wimbo intaneti, wameuweka chini ya tukio la mapenzi, na kuujaza kwenye fomu ni kukiri wizi kwa mwandiko wao wenyewe. Ndiyo maana kuwasihi hakutoshi, linatakiwa sharti. Siku hizi ningeongeza pia safu ya kueleza kama kipande kimetungwa na mtu au kimezalishwa na programu ya akili bandia.

Sharti hili halihitaji haki mpya. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, unampa mtunzi haki juu ya kazi yake inaporushwa hewani. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko sinema. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget aligoma kulipia kinywaji katika mgahawa mmoja wa Paris, kwa hoja kwamba nyimbo zake zilikuwa zikipigwa humo bure. Mahakama ikawa upande wake, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama kinachogawa mirabaha Ufaransa hadi leo. Haki ipo. Kinachokosekana ni ushahidi wa nani anaistahili, na ushahidi huo ni orodha ya muziki.

Mikataba inayotunyang'anya haki zote kwa malipo ya mara moja ni vita vingine, sitaviingiza humu. Orodha ikipatikana, hata hiyo mikataba itaanza kuonekana ilivyo, kwa kuwa jina la mtunzi na asilimia yake vitakuwa vimeandikwa mahali.

Nimalizie na ghala. Vituo vina tamthilia za miaka mingi zinazorudiwa mara kwa mara, na nyingi hazina orodha kabisa. Wahariri wanaokumbuka muziki ule ulikuwa wa nani wanastaafu, na wengine wameshatangulia. Naomba agizo lako liguse na haya ya zamani: kila kituo kianze na vipindi kinavyovirudia zaidi, kiwaite wahariri na watunzi waliopo, wakae pamoja wavisikilize na kuviandikia orodha. Vyama vya hakimiliki vina fomu tayari, hakuna haja ya kubuni nyingine. Wenzangu nami tuko tayari kuja kusaidia kuzijaza, siku yoyote wataalamu wako watakayotuita.

Wako mtiifu,
Mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni