Rangi ya taka za plastiki ipimwe kwanza

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu juu ya vijana wanaogeuza taka za plastiki kuwa unga wa rangi ya kupaka nyumba. Juhudi zao naziunga mkono. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini chupa, ndoo zilizopasuka na kandambili kuukuu bado zinaziba mitaro yetu. Lamu walishajenga jahazi zima liitwalo Flipflopi kwa taka za aina hiyo, kwa hiyo kwamba taka ni mali, ni mali kweli.

Ila kuitwa rafiki wa mazingira hakutoshi. Plastiki nyingi za zamani za njano, nyekundu na chungwa zilitiwa rangi zenye madini ya risasi au kadimi, metali zenye sumu. Ukizisaga, sumu haipotei. Inahamia ukutani, na mtoto anayetambaa hutia mdomoni vumbi la rangi iliyobanduka. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Na zikipakwa kuta za nje, chembe zinazobanduka zitasombwa na mvua hadi baharini.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, tayari inataka risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Basi iwapimie vijana hawa malighafi yao kwa ada ndogo, au bure, kabla hawajaingia sokoni, maana gharama za maabara mtaji wao hauzimudu. Wakifaulu, serikali za kaunti ziwe wateja wa kwanza, zianze na kuta za ndani za masoko na maghala.

Msomaji wenu,
Mombasa