Nishati ya Jamii Ianze na Umiliki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie mjadala kuhusu jamii zinazojitahidi kupunguza utegemezi wa dizeli, makaa ya mawe na gesi. Mjadala huu huelemea mno kwenye vifaa: paneli zipi ni bora, betri zipi hudumu. Kwa maoni yangu, swali linalotangulia hayo ni nani ataimiliki mitambo, na nani ataweka kanuni za kuitumia.

Kisiwa cha Eigg, Scotland, kina wakazi wapatao mia moja. Mwaka 1997 walifanikiwa kukinunua kisiwa chenyewe kutoka kwa mwenye ardhi, wakati ambapo nyumba nyingi zilipata umeme kwa jenereta za dizeli, na mwaka 2008 wakawasha gridi yao inayochanganya nguvu ya maji, upepo na jua. Kinachonivutia zaidi ni kikomo walichojiwekea: nyumba isitumie zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara isizidi 10. Agizo la namna hiyo likitoka kwa kampuni ya mbali, watu watatafuta mwanya wa kulikwepa. Likipitishwa na majirani wenyewe, mtu husubiri mashine ya kufulia imalize kazi ndipo awashe jiko. Jenereta za dizeli bado zipo kwa dharura, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Samsø, kisiwa cha Denmark, kinafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mitambo 11 ya upepo iliyosimikwa nchi kavu mwaka 2000 ni mali ya wakulima na ya wakazi walionunua hisa, hivyo anayeuona mtambo dirishani kwake huenda ndiye anayepata gawio lake. Kweli, magari yaliendelea kutumia petroli, nao wakafidia kwa kuuza nje umeme wa ziada.

Si kila jaribio lina uzito sawa. Totnes, Uingereza, ulikoanzia mwaka 2006 mtandao wa miji inayojiandaa kuachana na mafuta, ilibuni hata sarafu yake, ambayo ilifutwa mwaka 2019 watu walipozoea kulipa bila fedha taslimu. Binafsi ningeziweka nguvu hizo kwenye nyaya na mita.

Nyaya hizo, hata hivyo, kwa kawaida zina mwenyewe. Wakazi wa Schönau, Ujerumani, walioanza kampeni yao kwa hofu ya nyuklia baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, walihitaji kura mbili za maoni na michango mingi kabla ya kuichukua gridi ya mji wao mwaka 1997. Zaidi ya miaka kumi ni muda mrefu mno kudai uvumilivu wa watu wa kujitolea. Ndiyo maana naziomba mamlaka zinazotoa leseni za umeme ziweke utaratibu mwepesi kwa vyama vya ushirika, wenye ada nafuu na tarehe ya mwisho ya kujibu maombi.

Wako,
Msomaji