Usimrudishe Salima nyumbani

Wandegeya, Kampala

Mpendwa Mama Salima,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, nami naijibu usiku huuhuu kwa sababu ya lile neno lako la kumtoa Salima chuoni na kumrudisha nyumbani Arua. Nakuomba, dada, usifanye hivyo. Najua masomo matatu aliyoanguka yamekuuma, hasa ukifikiria ulivyohangaika na ada. Lakini mtoto yule si mvivu.

Alipokuja kunisalimia nilimwuliza taratibu, akanieleza. Muhula hufunguliwa Agosti, na simsim yenu (ufuta) huvunwa mwishoni mwa mwaka. Pesa ilipofika, majaribio yalikuwa yamempita kwa kuwa hakuwa amesajiliwa. Majaribio na kazi za muhula kwa kawaida hubeba alama 30 hadi 40 katika 100, zilizobaki ni za mtihani wa mwisho, na kufaulu ni 50. Sasa piga hesabu: aliyekosa zile 40 zote lazima apate 50 katika 60. Hata mwanafunzi hodari sana angetaabika. Tena somo ukianguka unalirudia, na kulirudia kunalipiwa.

Halafu kuna njaa, na hili naliona kila siku kwa vile ninawapikia wanafunzi. Muhula ukianza wanaagiza posho (ugali), maharagwe, hata samaki. Mitihani ikikaribia, pale akili inapohitaji nguvu hasa, wengi wananunua chai na chapati moja, kisha wanakwenda kukesha na vitabu. Kukesha huko kunanisikitisha. Yale mtu aliyosoma hukaa kichwani vizuri akipata usingizi. Asiyelala anaingia kwenye mtihani amechoka na nusu ya aliyoyasoma yamemtoka. Salima naye anatoka Bwaise anakokaa kwa miguu, asubuhi na jioni, ili aokoe nauli ya boda. Hakukuambia kwa sababu hakutaka kukuongezea mzigo.

Marafiki wabaya unaowaogopa wapo, sikatai, ila sijaona kwamba ndio waliomwangusha.

Kuhusu mdogo wake anayemaliza S6, yaani kidato cha sita, aombe mkopo wa serikali, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ila mjipange mapema: unalipa ada, haulipi chakula wala malazi. Nimewaona vijana waliopata mkopo huo wakishinda na njaa.

Kwa Salima naomba jambo moja. Karanga mtakazovuna Julai, usiziguse kwa arusi wala kwa bati la nyumba. Ziuze, umtumie pesa kabla chuo hakijafunguliwa, hata kama si ada yote, na yeye aulize ofisi ya fedha kama wanapokea kidogo kidogo. Simsim itamalizia. Chakula cha mchana niachie mimi: nimeshamwambia apite hapa kila siku ya masomo, na sitaki unilipe.

Nijibu kabla ya Jumapili, maana amekata tamaa na anangoja kusikia umeamuaje. Wasalimie wote, na mzee mpe pole ya mguu.

Rafiki yako,
Hadija